Bisibisi ya kugonga: inafaa kwa diski za breki zilizoganda?

Diski ya mbele ya Honda Fit au CR-V hushikiliwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na skrubu mbili za M6, yaani unene wa milimita 6, zenye kichwa cha msalaba. Kiwandani hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 9.8 tu, lakini kutu ikishaingia kwenye nyuzi, bisibisi ya kawaida huteleza na kula kichwa. Kwa gari la Mombasa, Tanga au Zanzibar, linaloishi kwenye hewa ya chumvi, hilo ni la kutarajia. Hapo ndipo bisibisi ya kugonga inapostahili bei yake.

Ukiipiga nyundo kitakoni, hugeuza pigo kuwa mzunguko mdogo na papo hapo kuididimiza ncha ndani ya skrubu. Bisibisi ya mkono hufanya kinyume: kadiri unavyoizungusha kwa nguvu, ndivyo inavyopanda na kutoka.

Seti nyingi za bei nafuu zina mwili imara na ncha mbovu. Skrubu hizi zinataka ncha ya msalaba ya ukubwa namba 3. Namba 2 huingia, ndiyo maana wengi hudanganyika, ila inacheza, na pigo la pili linakuachia shimo la duara. Chagua mwili wenye kichwa cha mraba cha nusu inchi, kisha nunua ncha namba 3 ya chuma kigumu kando, ikiwezekana ya kipimo cha Kijapani, JIS.

Anza na skrubu kabla ya kufungua kalipa (kibano kinachobana diski), mwenzako akikanyaga breki ili diski isizunguke. Chokoa kutu kwenye msalaba kwa msumari mpaka ncha ikae hadi chini. Pulizia mafuta ya kupenyeza, subiri dakika 15. Weka bisibisi upande wa kufungua, ikaze kushoto kwa mkono, kisha piga kwa nyundo ya kilo moja au zaidi. Mapigo machache mazito yanashinda mengi mepesi. Vaa miwani. Kichwa kikiliwa, toboa kwa drili ya milimita 4, halafu 8, mpaka kichwa kidondoke. Diski ikitoka, kisiki utakishika kwa koleo.

Kifaa hiki kinaishia kwenye skrubu. Diski yenyewe ikiwa imeganda, fungua kalipa na kishikio chake, uining'inize kwa waya, kamwe si kwa mpira wa breki. Kisha ingiza bolti mbili za M8 zenye nyuzi za milimita 1.25 kwenye matundu mawili ya diski yenye nyuzi, ukikaza nusu mzunguko huku, nusu kule, ili ziisukume diski itoke. Toyota nyingi hazina skrubu kabisa, matundu haya tu, kwa hiyo mwenye Toyota asinunue bisibisi hii kwa kazi hiyo. Usitwange kwa nyundo kubwa: beringi ndiyo inayoumia. Diski ya nyuma yenye viatu vya hendibreki ndani ikikataa, achia hendibreki na ulegeze gurudumu la meno la kurekebisha viatu kupitia tundu lake.

Wakati wa kufunga, weka skrubu mpya zenye grisi kidogo kwenye nyuzi. Kazi yao ni kuikalisha diski tu. Nati za gurudumu, Nm 108 kwa Honda hizi, ndizo zinazoibana. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, kwa sababu gamba la kutu huikalisha diski upande, na usukani utatetemeka kila ukifunga breki.