MK Dons au AFC Wimbledon, Wimbledon yenyewe ni ipi?

Ubishi huu hauishi jamani. Wimbledon ile iliyoifunga Liverpool fainali ya Kombe la FA la England 1988 ilihamishiwa Milton Keynes 2003, karibu kilomita 90 toka London, ikawa MK Dons, ila mashabiki walishasusa toka 2002 wakaanzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wachezaji wakatafutwa kwa majaribio Wimbledon Common, kwenye majani ya wazi kabisa yani, kama ndondo. Kwa uwanja MK wanashinda, siti zaidi ya 30,000, wakati Plough Lane mpya ya AFC ya 2020 inaingiza kama watu 9,000 tu. Ila AFC ni mali ya mashabiki, hakuna tajiri wa kuamka asubuhi akawahamisha. Umezaliwa Milton Keynes? Shangilia MK, sikulaumu. Wa kusini mwa London, thubutu kuvaa jezi ya MK mtaani uone.