Spice au Westlife: kundi changa lijifunze kwa albamu ipi?

Miongoni mwa vikundi vya waimbaji vijana jijini Mbeya, ambao wengi wamelelewa katika kwaya za makanisa, swali hili hurudi kila mara: wajifunze kwa Spice (1996) ya Spice Girls, wasichana watano wa Uingereza, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 20, au Westlife (1999) ya vijana watano wa Ayalandi?

Kwa upatanifu wa sauti, naipa Westlife nafasi ya kwanza bila kusita. Katika “Flying Without Wings” mwimbaji mmoja huanza kwa upole, wenzake huingia polepole hadi wimbo ukajaa, na mwanakwaya wa Mwanjelwa aliyezoea sauti nne hufurahi mno kuufuatilia. Hata hivyo, sauti mbili, za Shane Filan na Mark Feehily, hubeba sehemu kubwa ya albamu. Spice hugawa mistari kwa wote watano, na “Wannabe” hujengwa kwa kupokezana, jambo linalompa nafasi hata asiye na sauti kubwa.

Kuhusu gharama, nyimbo za taratibu za Westlife hutosheka na gitaa moja, hata umeme ukikatika. Spice huhitaji mdundo, kinanda na spika.

Kundi lenye kiongozi hodari lianze na Westlife. Wasichana wenye uwezo unaolingana watafaidika zaidi na Spice.