Kibao cha kusimamia, kimechongwa Magomeni, Mtwara

Nilikiagiza mwezi wa tisa, kabla minada ya korosho haijaanza, na sasa kina miezi mitano juu ya meza yangu ofisini. Mimi nakiita kibao, fundi anakiita stendi. Ni kimeza kidogo cha mbao ya mkongo unachokiweka juu ya meza ya kawaida ili ufanye kazi ya kompyuta umesimama. Kimetoka kwenye karakana moja ya Magomeni, hapa hapa Mtwara, kwa shilingi 70,000, nusu nikailipa siku ya kupimwa.

Kazi yangu ni kuingiza malipo ya wakulima. Mnada ukishapita, majina yanamiminika: jina, namba ya akaunti, kilo, makato. Herufi moja ikikosewa, benki inarudisha fedha, na mzee wa watu anafunga safari kutoka kijijini kuja kuuliza pesa yake iko wapi. Kwa hiyo macho hayabanduki kwenye kioo. Msimu wa juzi nilikuwa nakaa saa mbili asubuhi, nikija kushtuka ni saa tisa, miguu imevimba mpaka mikanda ya viatu imeacha alama. Kiuno ndiyo usiseme. Nilikuwa nikinyanyuka nashika meza kwanza.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni vipimo. Fundi alinikatalia kunipa cha kawaida. "Dada, vaa viatu unavyoshindia kazini, halafu kunja mkono kama unachapa." Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: sentimita 102. Meza ya ofisi ina 74. Kibao kikatoka na 28, na mikono inalala juu ya kibodi bila mabega kupanda. Kwa kuwa natumia kompyuta mpakato, aliongeza rafu ndogo ya pili kwa nyuma, kioo kikaja usawa wa macho, na nikanunua kibodi ya pembeni. Bila hiyo rafu ningesimama shingo imeinama, na hapo ningekuwa nimehamisha maumivu tu.

Mbao yenyewe sina neno nayo. Ni mkongo mkavu, haujapinda hata mvua za masika ya mwanzo zilipoanza kuingiza unyevu dirishani.

Kasoro zipo. Niliahidiwa wiki moja, nikapewa baada ya tatu. Kingo za mbele zilikuja kali, zikanichubua mikono siku ya kwanza, nikanunua msasa nikazilainisha mwenyewe. Na ni kizito. Ukitaka kukaa inabidi ukibebe ukishushe, na siku za mwanzo uvivu ulikuwa unanishinda, nakiacha hapo hapo nasimama kutwa.

Hilo la kusimama kutwa ndilo ninalotaka wanunuzi walisikie. Wiki ya kwanza nilisimama tangu asubuhi hadi jioni nikidhani ndiyo dawa, na miguu ikavimba vile vile. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayokamua mishipa na kuirudisha damu juu kwenye moyo, na haikamui kama umesimama wima kama nguzo. Na nguvu inayoliwa na kusimama tu inaizidi ya kukaa kwa kiasi kidogo mno. Kinachosaidia ni kubadilisha. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Nikawaza mabasi yetu ya Masasi, dereva kwenye kiti chake na konda mlangoni, anashuka, anapakia mzigo, anapanda tena.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Majina 50 nimesimama, majina 50 nimekaa. Kati ya hapo naenda mwenyewe kwenye kabati la mafaili, simtumi mtu, na nikisubiri mtandao urudi napandisha na kushusha visigino, mara 20. Kukishusha kibao ambako mwanzo kulinikera, sasa nakuhesabu nako ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na hizo kibao hakikupi. Mimi nazipata jioni: natembea nusu saa kwenda Shangani, siku tano, bodaboda naipanda wakati wa kurudi tu kama giza limeingia. Ile hewa ya bahari baada ya kutwa nzima ya tarakimu naipenda kwa dhati.

Msimu huu kiuno hakijanilaza hata siku moja. Nampa fundi nyota nne.

Mwenzangu wa masijala alikiazima wiki nzima na mabega yakamuuma, maana ni mfupi kuliko mimi. Ameshakwenda kupimwa: kiwiko chake ni sentimita 94, kibao chake kitakuwa cha 20. Nimemwambia kingo zipigwe msasa mbele ya macho yake, apitishe kiganja, ndipo atoe nusu iliyobaki.