Roboti ya WhatsApp kwa SACCOS yetu: uzoefu wangu wa miezi sita (nyota 3 kati ya 5)

Mimi ni afisa mikopo kwenye SACCOS ya walimu, na ndiye niliyeipigia debe roboti hii ya akili mnemba mbele ya bodi. Lawama nimezila mwenyewe.

Siku ya maonyesho muuzaji alikuja na maswali yake, ikajibu Kiswahili kilichonyooka kama taarifa ya habari. Hakuna aliyesema, "Hebu lete simu, tuulize letu." Wanachama wetu hawaandiki hivyo; wanaandika "mkuu nikitoa hisa ntapata lini". Mama mmoja akajibiwa: ndani ya siku saba. Kwa masharti yetu hisa haitolewi, inahamishiwa mwanachama mwingine. Mama wa watu akapanda basi kuja kudai dirishani.

Cha saa ndicho sitakisahau. Mwalimu mstaafu aliomba miadi saa tisa mchana, roboti ikaandika 09:00. Kafika saa tisa kweli, shati limepigwa pasi, bahasha ya nyaraka kwapani, na kwenye orodha anasomeka hakutokea tangu saa tatu asubuhi. Hata shikamoo ilinikwama. Walirekebisha baada ya wiki mbili, na haki yao niwape, haijarudia.

Ikikosea, aliyekosea ni wewe. Mwaka 2024 huko Canada, Air Canada ilijitetea kwamba haiwajibiki kwa maneno ya roboti yake iliyompotosha abiria kuhusu punguzo la nauli ya msiba. Baraza la usuluhishi la British Columbia likakataa, likaamuru alipwe. Nilimsomea mwenyekiti habari hiyo. Tangu hapo swali lolote la mkopo au hisa linaletwa kwa binadamu.

Bili nayo. Tunalipia vipande vya maneno, na kwa kuwa programu hizi zimelishwa Kiingereza zaidi, neno kama "nitakapokurejeshea" hukatwa vipande kibao, kila kimoja na bei yake. Makadirio tuliyopewa yalipigwa kwa Kiingereza. Tena kwa dola!

Mwanasheria wetu ndiye aliyeuliza namba za NIDA na mishahara ya watu vitakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi tuliozikusanya. Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu cha kuwaruhusu wauzaji watumie mazungumzo ya wanachama "kuboresha huduma". Tukataka kifutwe, wakafuta bila ubishi. Kumbe ni kuomba tu.

Mbona basi sijaitupa? Salio. Zamani siku za mshahara simu ya ofisi haishikiki. Sasa mtu anauliza salio saa sita usiku na anajibiwa papo hapo, sahihi.

Mkataba unaisha Juni. Nina daftari la maswali halisi ya wanachama, 140 mpaka jana, na makosa yake ya tahajia sijayagusa. Muuzaji yeyote atakayekuja ataanza na hilo.