Treni ya Haramain kwa mwanamke anayesafiri peke yake: nyota nne

Wadada wanaoniuliza kama Saudia mwanamke anaweza kutembea peke yake bila bugudha, mimi nawajibu kwa treni, maana humo ndo niliiona ile nchi vizuri kuliko hotelini au madukani. Nazungumzia Haramain, ile ya Makka hadi Madina kupitia Jeddah, reli ya kilomita 450 hivi iliyofunguliwa 2018. Mwendo unafika kilomita 300 kwa saa, Makka mpaka Madina ni kama saa mbili na dakika ishirini, wakati basi na kusimama kwake njiani inakula saa tano au zaidi.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuna aliyeniuliza niko na nani. Tiketi unanunua mwenyewe mtandaoni kwa namba ya pasipoti, unachagua siti, kwisha. Jamani hili si dogo, juzi tu hapa mwanamke chini ya miaka 45 akitaka viza ya umra lazima awe na maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa, na karatasi za kuthibitisha, na hata Wasaudi wenyewe wa kike ruhusa ya kuendesha gari wameipata 2018 na pasipoti bila idhini ya mlezi 2019. Upande wa dini kuhusu maharimu kila mtu amuulize sheikhe wake, mimi hapa nasema huduma ilivyo. Na tangu 2023 wapo wanawake wa Kisaudi wanaoziendesha treni hizi, wallahi nilipolisikia hilo nilifurahi mno.

Mabehewa hayajatengwa wanaume na wanawake, kwa hiyo nilipanda na wasiwasi kidogo. Siti ya pembeni yangu ilikuwa ya baba mmoja, kaniona, hakusema neno, kamwita mkewe wakabadilishana, yule mama kakaa tu kafungua kikopo cha tende kanisogezea kabla hata hajaweka mkoba wake vizuri, na lugha hatuelewani zaidi ya salamu na alhamdulillah lakini tulikaa kwa amani mpaka mwisho. Adabu ya namna hiyo niliiona mara nyingi, watu wanakupa nafasi, hawakukodolei macho. Mavazi, wageni hawalazimishwi abaya tangu viza za utalii zianze 2019, ila treni hii inaenda miji mitukufu na karibu kila mwanamke humo kajisitiri, wewe vaa buibui lako jepesi na mtandio na soksi, kiyoyozi chao kinauma kweli.

Sasa hili mlishike. Ukitoka Madina kwenda umra, treni haisimami Dhul-Hulaifa, ambayo ndo mikati ya watu wa Madina, yaani mahali pa kutia niyya ya umra kabla hujapavuka, inapita usawa wake mapema tu baada ya kuondoka. Oga na ujiandae kabisa hotelini, sisi wanawake nguo zetu za kawaida zenye stara zinatosha, ila kama unavaa nikabu na glavu unavua, halafu kaa macho na niyya yako usije ukasinzia ukajikuta umeshapita. Ukiwa na gari ya kukodi nenda Dhul-Hulaifa kwanza uswali hapo kisha ndo uende stesheni, roho inatulia zaidi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kinachofuata ukishashuka. Stesheni ya Makka iko Rusaifa, kilomita kadhaa kutoka Haram, ule msikiti wenye Kaaba, na ya Madina nayo iko mbali na Msikiti wa Mtume, huwezi kwenda kwa miguu na begi. Usiku mmoja nilitoka nje nikazungukwa na madereva kila mtu anavuta begi langu upande wake, mmoja kanitajia bei halafu katikati ya safari kaipandisha, na mwanamke uko peke yako kwenye gari la mtu unafanyaje, unalipa. Baada ya yote yale mazuri ndani ya treni iliniuma sana. Chagueni treni za mchana, na Ramadhani kateni tiketi mapema maana zinaisha na bei zinapanda. Ikibidi kufika usiku, agiza gari kwa apu ukiwa bado ndani ya stesheni, na usitoke mlangoni mpaka namba ya gari uione kwa macho yako.