Kifurushi cha picha na jukwaa kwa wabunifu chipukizi: uzoefu wangu

Kifurushi nilicholipia kinauzwa Dar es Salaam kwa wabunifu wa mavazi wanaoanza. Ndani yake kuna studio kwa muda wa saa 4 pamoja na mpiga picha, mpambaji mmoja wa uso na nywele, na wanamitindo wawili. Wiki chache baadaye inafuata nafasi ya kupitisha mavazi 10 kwenye onyesho la pamoja, safari hii kwa wanamitindo 6. Bei ni shilingi 1,200,000, nusu ya kuanzia na nusu kabla ya onyesho. Jina la waandaaji naliweka kando, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanawahusu wengi wanaouza huduma ya aina hii. Upande wa picha unarudisha fedha yako ukijipanga. Upande wa jukwaa, jinsi ulivyo sasa, ningeulipia nusu ya wanachotoza.

Hesabu ya muda haimo kwenye tangazo. Zile saa 4 zinaanza mlango unapofunguliwa, hata kama kamera bado iko kwenye mfuko. Kupamba wanamitindo wawili kwa mikono ya mtu mmoja kulikula saa moja na nusu, zikabaki dakika 150. Vazi moja, ukihesabu kuvaa, kubana pini mgongoni, kupiga mbele, ubavuni, mgongoni na picha ya karibu ya mshono, linataka dakika 20 hata watu wakiwa wepesi. Mavazi 10 yaliyoahidiwa kupigwa studio yaliishia 7. Omba wanamitindo wapambwe kabla, nje ya muda wa studio, hata ikibidi kumwongezea mpambaji nauli na chakula.

Pasi nayo ipigwe nyumbani. Studio ilikuwa na mashine ya mvuke ya kusimama tu, na mashine hiyo inafaa shifoni na hariri. Kitenge kizito cha pamba kinataka pasi yenye moto, kikiwa na unyevunyevu, upande wa ndani. Ukitegemea mvuke, mikunjo ya kiuno na ya kukalia itaonekana yote kwenye picha, na mhariri atakayejaribu kuifuta ataharibu zaidi (nitafika huko).

Kabla ya kulipa studio yoyote, uliza urefu wa chumba. Picha ya mwili mzima, kuanzia kisigino hadi juu ya kilemba, kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa (full frame), inamtaka mpiga picha asimame zaidi ya mita 5 kutoka kwa mwanamitindo. Ongeza mita moja na nusu kati ya mwanamitindo na ukuta ili kivuli kisimwangukie nyuma, na nafasi ya mpiga picha mwenyewe kusimama. Unahitaji karibu mita 7 na nusu. Chumba hiki kilikuwa na mita 5 kwa jumla, basi mpiga picha akashika lenzi ya milimita 35 na kupiga akiwa amesimama wima. Matokeo yake kichwa kinakua, miguu inafupika, na sketi ndefu iliyokatwa vizuri inaonekana kama ya kuazima. Tulipomwomba ashushe kamera hadi usawa wa kiuno, mambo yalinyooka kwa kiasi kikubwa. Hilo halina gharama, lakini lazima ulisimamie mwenyewe.

Karatasi ya nyuma ina upana wa kawaida wa mita 2.72. Inatosha kwa gauni la kubana. Gauni lenye mkia au mwanamitindo anayerusha mtandio atatoka nje ya karatasi, na hapo unalipia uhariri wa ziada. Mavazi mapana yapigie nje, asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita la Dar linatupa vivuli vyeusi chini ya macho na kufuta rangi za kitambaa.

Taa za studio zilikuwa nzuri, hili niwape. Softboksi kubwa (taa iliyofunikwa kitambaa cheupe ili mwanga uwe laini) ubavuni, digrii 45 hivi, na ubao mweupe upande wa pili. Mwanga wa namna hiyo unaonyesha mishono na mapande ya nguo. Kasoro ilikuwa kwenye satini nyeusi, ambayo inang'aa kila inapokunjika. Ilibidi taa isogezwe nyuma na kuinuliwa. Vitambaa vya mistari myembamba sana navyo huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha, ambayo hayapo kwenye nguo. Mpiga picha akisogea hatua moja mbele au nyuma, au akibadilisha pembe, yanapungua. Yaangalie kwenye kompyuta wakati huohuo, maana kioo cha kamera ni kidogo na chenyewe huweza kuonyesha mawimbi ambayo hayamo kwenye faili.

Kwa wanaoshona kanga, kuna jambo ambalo hakuna mpiga picha atakayekukumbusha. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukikata bila kupanga, jina linaangukia kwenye mshono wa ubavu au linasimama kichwa chini, na mtazamaji wa huku kwetu ndilo atakaloanza kusoma. Panga jina liwe nyuma chini ya kiuno au mbele kwenye pindo la sketi, kisha umwambie mpiga picha apige picha moja ambayo maneno yote yanasomeka. Kamera za mbele za baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo. Video moja ya nyuma ya pazia ilitoka na jina likisomeka kinyumenyume, na ndiyo waliyoichagua kuitangaza.

Picha zilikuja baada ya siku 12, tano kwa kila vazi, 35 kwa jumla. Rangi ya kwanza ilikuwa imepauka, chungwa likiwa kama udongo. Faili zilihifadhiwa kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB, na simu na mitandao mingi inataka sRGB. Walizitoa upya bila ubishi. Kosa la pili lilikuwa la mhariri. Alifuta mikunjo kwa kunakili kipande cha kitambaa na kukibandika juu, hivyo ua moja la kitenge likatokea mara mbili ubavuni na mstari ukakatika katikati. Mteja anayejua vitenge ataona mara moja na kudhani fundi wako hakulinganisha maua. Waandikie mapema kwamba ngozi na nyuma wahariri watakavyo, ila kitambaa wasikiguse.

Sasa jukwaa. Njia ilikuwa na urefu wa mita 14. Mwanamitindo anaimaliza kwa sekunde 12, anasimama 4, anarudi kwa 12, jumla 28. Anayefuata hutoka kila baada ya sekunde 15. Kwa wanamitindo 6 na mavazi 10, wa kwanza anarudi nyuma ya pazia sekunde ya 28 na anatakiwa atoke tena na vazi la saba sekunde ya 90. Ana sekunde 62 za kuvua, kuvaa, kubadili viatu na kuvuta pumzi. Mkono wa vifungo 12 vya kitambaa hauwezekani hapo. Waandaaji hawakumweleza mbunifu yeyote hesabu hii, ndiyo maana vazi la nane la mbunifu mmoja lilitoka na zipu wazi nusu mgongo.

Ukiielewa, unaipanga. Wanamitindo wa kwanza hadi wa nne ndio wanaobadili, kwa hiyo wape nguo za kupitisha kichwani au zipu moja ndefu yenye ndoano juu. Wa tano na wa sita wanatoka mara moja tu. Hao ndio wa kuvaa gauni la kufungwa kwa kamba au lenye bitana nzito. Kila anayebadili apate msaidizi wake. Walitoa wasaidizi 2 kwa wabunifu wote, kwa hiyo njoo na wako 4. Kwenye kila hanga bandika picha ya vazi lililovaliwa kamili, pamoja na viatu na hereni, na namba ya kutoka.

Siku ya kujaribisha nguo ilikuwa moja, siku mbili kabla ya onyesho, na ndipo vipimo vya wanamitindo vilipotolewa. Ni kuchelewa mno. Dai vipimo wiki mbili kabla: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa bega hadi kiuno, na namba ya kiatu. Wanamitindo warefu wa kike huvaa viatu namba 40 hadi 42, ambavyo havipatikani kila duka la Kariakoo. Gauni la kugusa chini lipimwe kiatu kikiwa mguuni, mbele libaki sentimita 2 au 3 juu ya sakafu. Kiatu cha kuazima kibandike utepe wa karatasi wenye gundi chini ya soli, kitarudi kikiwa safi na hakitateleza. Na kitenge kifuliwe kabla ya kukatwa. Kikirowa jasho au mvua bila kufuliwa, kiuno kilichokaa sawa siku ya kujaribisha kitabana.

Muziki upeleke kwenye flashi, wimbo umekatwa tayari kwa urefu wa dakika 3, na nakala ya pili kwenye simu iliyozimiwa data. Mbunifu mmoja alitegemea intaneti ya ukumbini, na wanamitindo wake watatu wa mwanzo walitembea kimya.

Picha za jukwaani ndizo zilizoniudhi. Nyuma kulikuwa na skrini kubwa ya taa, na mpiga picha alitumia shata (kifunguzi cha kamera kinachopitisha mwanga) ya kielektroniki. Kila picha ya pili ina michirizi ya giza juu ya nguo. Angetumia shata ya mitambo na kujaribu kasi mbili tatu kabla watu hawajaingia, angeliona tatizo. Video ilitoka salama, kwa kuwa walipiga kwa kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, inayokwenda na umeme wetu wa hezi 50.

Mkataba wao ni wa ukurasa mmoja na haukusema picha ni za nani. Mwombe mpiga picha aandike kwamba unaruhusiwa kuzitumia kibiashara bila kikomo cha muda, na kila mwanamitindo asaini ridhaa ya sura yake kutumika kwenye matangazo. Ukitaka kuingia jukwaa la kuchujwa kama Swahili Fashion Week, lililoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, kazi yako itatazamwa kwanza kwenye picha. Kwa sababu hiyo niliwauliza waandaaji wa kifurushi hiki kama wanauza studio peke yake. Wanauza, kwa shilingi 550,000, ila hawaitangazi, lazima uulize.