Mwongozaji huyu asikaribie tena kidimbwi

Bado nina hasira. Nililipia matembezi ya usiku msituni, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuona vyura na salamanda (jamaa wa vyura, wenye umbo kama la mjusi) wanavyoteremka vidimbwini kuzaliana mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Usafiri ulifika kwa wakati, na usiku ulikuwa ule hasa unaotakiwa: mvua inanyesha, baridi imepungua, barafu imeyeyuka siku chache tu nyuma. Kwa hayo sina neno.

Tatizo ni mwongozaji. Tumefika ukingoni, vyura wanapiga kelele kwa pamoja kama kundi la bata, yeye akaingia majini na mabuti yake mpaka magotini. Vyura wote wakanyamaza papo hapo. Kwenye majani ya chini, pale pale alipokuwa anakanyaga, nilikuwa nimemulika vidonge vyeupe vya mbegu za kiume ambavyo salamanda dume huviacha ili jike avichukue. Kisha akang'oa bonge la mayai kutoka kwenye kijiti, akaliinua tupige picha, ute ukimchuruzika vidoleni. Na mikono hiyo hiyo alikuwa ameipaka losheni garini, harufu tuliisikia sote!

Nikamwambia kwa adabu, "Samahani bwana, hebu yarudishe majini." Akanijibu mbele ya watu: "Umelipa kuangalia, hukulipa kunifundisha kazi." Halafu akamkamata salamanda, akampitisha mkono kwa mkono. Ngozi ya mnyama huyu hunyonya kinachoigusa, losheni na dawa ya wadudu pia. Na yale mabuti yalikuwa na tope la kidimbwi tulichotoka muda mfupi nyuma, hayakusuguliwa wala kukaushwa. Kuvu inayoua vyura sehemu nyingi za dunia husambaa hivyo hivyo, na mtu wa kazi hii alipaswa kulijua hilo kuliko sisi.

Sisemi safari yote haifai. Wenzangu walipotangulia nilibaki nyuma, nikazima tochi, na baada ya muda vyura wakaanza tena. Nilipowasha, salamanda mweusi mwenye safu mbili za madoa ya njano alikuwa anapita karibu na kiatu changu. Huyu huishi ardhini karibu mwaka mzima na anaweza kufikisha miaka 20. Nilitetemeka kwa furaha. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Lakini kila nikikumbuka alivyolitupa lile bonge, likazama kwenye tope, siwezi. Vidimbwi hivi hukauka kiangazi, ndiyo maana havina samaki wa kula mayai, na viluwiluwi wana miezi michache tu ya kukua kabla maji hayajaisha. Mayai yanaonekana vizuri kabisa ukisimama ukingoni na tochi! Hakuna sababu ya kuyang'oa.

Nyota moja. Nimewaandikia wenye kampuni, bado hawajajibu. Wakimwondoa yule mtu, nitaibadilisha.